Vyuo vya Kati Vibaki Vyuo vya Kati

Shukrani ziwafikie waliofunga duka au gereji mapema ili wawahi kiti. Mada ya leo inawahusu wao hata zaidi ya inavyowahusu wenye majoho.

Mhadhara huu una lengo moja. Unataka kuonyesha kwamba chuo cha kati kina kazi yake yenyewe. Ni kile kinachompokea kijana aliyemaliza kidato cha nne, au mtu mzima aliyeacha shule zamani, kikampa ujuzi wa kazi kwa miaka miwili hivi. Kazi hiyo chuo kikuu hakiifanyi, na hakikuundwa kuifanya. Lakini Afrika Mashariki imekuwa ikividhoofisha vyuo hivi kwa jambo linalofanana na heshima: kuvipandisha cheo. Hoja zitakuwa 5. Hazilingani uzito, na ya tatu itachukua muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo tuvumiliane.

Hoja ya kwanza: kuna kazi ambazo mhandisi hazifanyi na kibarua haziwezi

Wapanga mipango wa Tanzania wamezoea kutaja uwiano wa 1 kwa 5 kwa 25, yaani kila mhandisi mmoja awe na mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25. Tuufanyie hesabu uwiano huo. Kati ya watu 31 wanaousimamisha mradi, 30 hawahitaji shahada. Sasa ulizeni katika ukoo wenu ni wazazi wangapi wanaomwombea mtoto awe mmoja kati ya hao 30.

Tuangalie pampu ya kisima kirefu cha kijiji, ile inayozamishwa ndani ya bomba la kisima na kuendeshwa kwa umeme wa fezi tatu. Imetolewa kwa matengenezo, imerudishwa, swichi imewashwa. Mota inafanya kazi, umeme unaliwa, lakini maji yanatoka machache na hayafiki tangini. Kamati ya maji imekwisha kuanza kunong'ona kwamba kisima kimekauka. Fundi sanifu anayeijua kazi yake hakubali haraka. Anajua kwamba mota ya fezi tatu, nyaya zake mbili zikibadilishana nafasi, huzunguka kinyume, na pampu ya aina hiyo ikizunguka kinyume haikomi kutoa maji. Inayatoa kwa uchache, ndiyo maana inawapoteza watu. Basi anazima umeme, anaifunga swichi kuu kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni, anapima kuhakikisha waya hauna umeme, anabadilisha nyaya mbili kati ya zile tatu, anawasha, anasoma ampea na presha, halafu anaandika kwenye daftari la pampu alichokifanya na tarehe.

Hapo hakuna hesabu za kutisha. Kuna nadharia kidogo ya umeme, mazoea ya mkono, na ile tabia ya kufunga kufuli kabla ya kugusa waya. Vitu hivyo vitatu hufundishwa pamoja, karakanani, na mwalimu aliyesimama karibu na wanafunzi kiasi cha kuona vidole vyao. Ukumbi wa watu 200 hauwezi kuvifundisha, hata mhadhiri awe hodari namna gani.

Hospitalini mambo ni hayo hayo. Mwaka 1952 Marekani ilianza kujaribu kuwafundisha wauguzi katika vyuo vya miaka 2, kwa mpango uliobuniwa na Mildred Montag wa Teachers College, New York. Wengi waliona ni njia ya mkato. Leo muuguzi aliyesoma miaka 2 huko na mwenzake mwenye shahada wanafanya mtihani mmoja wa leseni. Wakenya na Watanzania wengi waliohamia Texas au Minnesota na kuwa wauguzi wamepita katika njia hiyo.

Hoja ya pili: chuo hiki humpokea mtu jinsi maisha yalivyomleta

Mwaka 1975 serikali ya Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Wazo lilitoka kwa shule za watu wazima za Skandinavia, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844: shule za bweni za wakulima na vibarua, zisizodai cheti mlangoni. Tanzania ina zaidi ya vyuo 50 vya aina hiyo, kuanzia Kisarawe na Bigwa hadi Sikonge, na kozi zake ndefu ni za miaka 2: useremala, uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, kilimo na mifugo, ufundi magari.

Vyuo hivi vimepita vipindi vigumu. Vimehamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, mabweni yakachakaa, karakana nyingine zikabaki na mashine za enzi ya ufunguzi. Hata hivyo vimefanya jambo ambalo shule za sekondari zilikuwa haziruhusiwi kulifanya. Hadi Novemba 2021, msichana wa Tanzania aliyepata mimba akiwa shuleni hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya serikali. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilimpokea. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivyo pamoja na shirika la Karibu Tanzania Organization, alisoma masomo ya sekondari na ufundi kwa pamoja, na mtoto wake akalelewa katika kituo cha watoto humo humo chuoni. Anayetaka kujua chuo cha kati ni cha nini na aanzie hapo: mama wa miaka 19 anajifunza kupiga plasta, na mwanawe yuko hatua chache kutoka darasani kwake.

Kenya nayo ina historia yake. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti yenye swali moja kubwa, kwamba baada ya shule, kijana afanye nini? Kutokana na ripoti hiyo zikazaliwa politekniki za vijijini. Umuhimu wake ulitambuliwa hata katika Katiba ya mwaka 2010, ambayo imezitaja kwa jina miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mlango mwingine ni wa fundi ambaye hakukaa darasani kabisa. Tanzania, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, humpima aliyejifunzia gereji na kumpa cheti kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Kenya kuna mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Fundi wa jua kali mwenye cheti hicho anaweza kuomba zabuni. Bila cheti ataendelea kupewa kazi kwa mlango wa nyuma, na kulipwa kwa mlango huo huo.

Hoja ya tatu: kukipandisha cheo chuo cha kati mara nyingi ni kukifunga

Hapa mfano uko karibu nasi, katika mtaa wa Tudor, Mombasa. Mwaka 1948 iliundwa Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo wazee wa mji wanaijua kwa jina la MIOME. Michango ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, na nia ilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Baada ya uhuru haikufaa tena chuo kibaki cha dini moja, kikafunguliwa kwa wote, na mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa. Kwa miaka 35 iliyofuata, jina hilo lilikuwa na maana kamili bandarini, relini, mahotelini na katika viwanda vya Changamwe.

Mwaka 2007 politekniki hiyo ilifanywa chuo kikuu kishiriki. Januari 2013 ilipata hati yake na kuwa Technical University of Mombasa. Politekniki ya Kenya ya Nairobi, iliyoanzishwa 1961, ilipita njia hiyo hiyo kwa miaka hiyo hiyo. Kenya ilikuwa na politekniki za taifa 4. Mbili kongwe zikaondoka kwa mpigo.

Na hazikuwa peke yake. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Juja kilianza 1981 kwa msaada wa Japani ili kitoe vyeti na diploma, na kufikia 1994 kilikuwa chuo kikuu kamili. Chuo cha Kimathi cha Nyeri, ambacho wananchi walikichangia kwa harambee mwanzoni mwa miaka ya 1970, nacho ni chuo kikuu. Upande wa Tanzania, chuo cha ufundi cha Mbeya, kilichofunguliwa 1986, kilifanywa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012.

Haki isemwe. Vyuo vikuu hivi havikuacha kufundisha diploma siku ile ile, na wahandisi vinaowatoa wanahitajika. Pwani ya Kenya ilikaa miaka mingi mno bila chuo kikuu chake, na kiu ya wananchi ilikuwa ya kweli. Swali ni kwa nini kiu hiyo ikatwe kwa kutumia karakana za fundi sanifu, ilhali chuo kikuu kingeweza kujengwa kwenye ardhi nyingine, kwa fedha nyingine.

Tufuatilie jinsi jambo hili linavyotendeka, maana hakuna anayeamua siku moja kwamba mafundi hawahitajiki. Chuo kikishakuwa kikuu, sheria za vyuo vikuu zinakishika. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka masharti kwamba mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Mwalimu aliyekaa miaka 20 kwenye mashine ya kerezo, ambaye anakisikia chuma kikikatwa vibaya hata kabla ya kukiona, hawezi tena kupanda daraja. Vijana wenye makala katika majarida wanampita. Bajeti hufuata hesabu ya wanafunzi wa shahada. Vifaa vya karakana vinaharibika na kugharimu, na kiti cha ukumbi wa mihadhara hakiharibiki sana. Ratiba inapobana, saa za vitendo ndizo za kwanza kupunguzwa. Mzazi naye, akikuta shahada na diploma langoni pamoja, atajinyima ili mwanawe apate shahada. Kila mmoja katika mlolongo huo amefanya jambo linaloeleweka, na mwisho wake ni mafundi wachache kuliko mwanzo.

Kenya yenyewe iliona. Mwaka 2016 serikali ilitangaza politekniki mpya za taifa, zikiwemo za Kabete, Nyeri, Kisii, Meru, Kitale na Sigalagala, na Mombasa ikapata Kenya Coast National Polytechnic kutokana na kilichokuwa chuo cha mafunzo ya ufundi. Mji uliokuwa na politekniki inayofahamika tangu 1972 ukaanza upya: jina jipya, sifa ya kujengwa upya, waajiri wa kuwashawishi upya.

Linganisheni na Joliet, mji wa viwanda karibu na Chicago. Mwaka 1901 mkuu wa shule ya sekondari ya hapo, J. Stanley Brown, akisaidiana na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, alianzisha chuo cha miaka 2 kwa wanafunzi 6. Harper hakukigeuza tawi la chuo kikuu chake. Joliet Junior College bado kipo, bado ni cha miaka 2, na kimekuwa kikubwa kwa kubaki katika kazi yake. Marekani leo ina vyuo vya aina hiyo, viitwavyo vyuo vya jamii, vipatavyo 1,000. Yapo majimbo, kama Florida tangu 2001, yaliyoruhusu baadhi ya vyuo hivyo kutoa shahada chache za kazi maalumu, lakini wanafunzi walio wengi bado ni wa vyeti na kozi za miaka 2.

Mfano mwema uko nyumbani pia. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kimeendelea kuitwa chuo cha ufundi. Kimekabidhiwa Kikuletwa, wilayani Hai, penye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, kiwe kituo cha kufundishia nishati jadidifu, na kimeingizwa katika mradi wa Benki ya Dunia wa kuimarisha vyuo vya ufundi vya Kenya, Tanzania na Ethiopia. Mwanafunzi anajifunza turbini mbele ya turbini. Chuo kimepewa fedha na vifaa bila kubadilishiwa jina, na hilo ndilo ombi la mhadhara huu.

Hoja ya nne: ngazi ya kupanda iwe ya kweli

Anayetetea vyuo vya kati lazima ajibu swali gumu: je, si njia ya kuwafungia watoto wa maskini huku chini? Swali hili si la husuda. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichunguza chuo cha miaka 2 cha San Jose, California, akaeleza jinsi vyuo vya namna hiyo vinavyowapoza taratibu wanafunzi wenye ndoto kubwa mpaka wakubali kidogo. Takwimu za Marekani za miaka ya karibuni zinampa haki kwa sehemu. Takriban wanafunzi 80 kati ya 100 wanaoingia vyuo vya jamii husema wanataka kuendelea hadi shahada. Wanaoipata ndani ya miaka 6 ni kama 16.

Kwetu tatizo lina sura yake. Fundi sanifu mwenye stashahada nzuri anaweza kukubaliwa chuo kikuu, lakini mara nyingi anaanza mwaka wa kwanza, akae na waliotoka kidato cha sita, afundishwe tena saketi alizokwisha kuziunga kwa mikono yake. Miaka yake ya nyuma haihesabiwi. Huyu ndiye anayemwambia mdogo wake asipite njia aliyoipita yeye. Chuo kikuu kilicho tayari kuyatambua masomo yake na kumwingiza mwaka wa pili kitavijaza vyuo vya kati wanafunzi wazuri kuliko kampeni yoyote ya redio.

Hoja ya tano: kumpokea mwanafunzi hakutoshi

Mwaka 2007 vyuo vya jiji la New York vilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vya miaka 2. Mwanafunzi alisoma muda wote, alisamehewa pengo la ada, alisaidiwa vitabu, alikutana na mshauri wake mara kwa mara, na alipewa kadi ya basi na treni ya chini ya ardhi kila mwezi, mradi ahudhurie. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu ili kulinganisha. Baada ya miaka 3, waliokuwa ndani ya mpango walihitimu kwa asilimia 40. Wenzao kwa asilimia 22.

Ndiyo, nauli. Mwalimu yeyote wa chuo cha ufundi aliyemo humu anaweza kutaja wanafunzi waliopotea kwa sababu ya nauli, chakula cha mchana au ovaroli. Kenya ilipiga hatua ilipoanza kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo vya ufundi vya umma na kumfungulia mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Tanzania, tangu mwaka wa masomo 2023/24, inatoa mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele. Waajiri wa Tanzania nao hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, na wamelalamika kwa miaka kwamba sehemu kubwa yake haifiki kwenye ufundi. Malalamiko hayo ni ya haki, na wabunge waliomo humu wakumbushwe.

Mwenyekiti, tumalizie kwa kuangalia kalenda. Treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 na ikafika Dodoma mwaka huo huo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mitambo hii yote itahitaji watu wa kuisikiliza, kuipima na kuitengeneza kwa miaka 40 ijayo, usiku na mchana, na wengi wao hawajaingia chuo bado. Tanzania inajenga vyuo vya VETA katika wilaya 64. Kenya ina lengo la chuo cha ufundi katika kila eneo bunge, na maeneo hayo ni 290.

Wanafunzi wa Kenya walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watamaliza mwisho wa 2028. Wanafunzi wa Tanzania walioanza mkondo wa amali, yaani wa ufundi, nao wanakaribia kutoka. Hao ndio watakaogonga milango ya vyuo vya kati, wengi wao wakiwa wamekwisha kushika nyundo na spana, hivyo wataijua karakana tupu wakiiona. Mashine ya kerezo inayoagizwa leo huchukua miezi kufika, kufungwa na kuwashwa. Mwalimu wa kuifundishia huchukua miaka. Kwa hiyo kila mkuu wa chuo aliyepo hapa ana maswali mawili ya kwenda nayo kwenye kikao cha bodi kijacho: mwaka 2029 karakana yangu itakuwa na mashine ngapi zinazofanya kazi, na nani atakuwa amesimama kando yake? Majibu yakiandikwa kwa tarakimu, yapelekwe wizarani kabla ya bajeti kusomwa.

Muda uliobaki ni wa maswali, na ingependeza aanze mmoja wa walimu wa karakana.